Dokta, nitakaa wapi na Siafu ninywe chai?

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani. Anajibu daktari wa mifugo mstaafu, Moshono, Arusha.

SWALI

Shikamoo Dokta. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mkazi wa Njiro. Mwaka jana binti yangu alikwenda kusoma Dodoma akaniachia mbwa wake, Siafu, jike la kienyeji lenye rangi ya udongo, miaka mitatu. Mwanzoni nilimwona mzigo. Lakini tangu mume wangu atangulie mbele za haki nyumba imekuwa kimya, na huyu mbwa ndiye anayenitoa nje kila asubuhi saa kumi na mbili. Jumamosi natamani kukaa mahali, ninywe chai, nisome gazeti, Siafu akiwa amelala miguuni. Nimejaribu mara mbili. Mahali pa kwanza mlinzi alifunga geti kabla sijamaliza kumsalimia. Pa pili niliruhusiwa, kisha baba mmoja akainuka na watoto wake akasema kwa sauti, "Siku hizi tunakula na mbwa?" Niliondoka chai ikiwa nusu kikombe. Je, huku kwetu kuna mikahawa inayopokea mbwa, au nimeanza kuiga mambo yasiyo yetu?

Mama Siafu, Njiro

JIBU

Marahaba mama, na pole sana kwa kufiwa.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo lililokukosesha usingizi. Hujaiga cha mtu. Nimefanya kazi ya mifugo miaka thelathini na moja, na wazee wa Kimeru niliowakuta kilabuni mbwa wao walikuwa chini ya benchi. Mzee anakunywa, mbwa amelala, jua likizama wanaondoka wote wawili. Hakuna aliyeuliza. Mfugaji wa Kimaasai akikaa kivulini kula, mbwa yupo hatua chache. Lililo geni ni kikombe chenye kisahani, kiti chenye mto na bei iliyoandikwa kwenye karatasi ngumu. Mahali ndipo palipobadilika, mama, si wewe.

Mahali pa kukaa papo. Na Njiro umebahatika kuliko mtu wa Unga Limited, ambako hoteli imegusana na hoteli na meza ziko kwenye kibaraza cha njia. Ila jina la mahali sikuandikii, na sababu yake ni hii: hapa Arusha ruhusa ya mbwa haiandikwi ukutani, inakaa kichwani mwa meneja. Mahali nilipokaribishwa mwezi wa kwanza, mwezi wa sita nilikuta meneja mpya na kauli mpya. Nikikupa jina leo, gazeti hili likikufikia litakuwa limekupa njia ya kwenda kufungiwa geti mara ya tatu. Nitakupa namna ya kutafuta, ambayo haiharibiki.

Kwanza lakini tumwelewe yule baba aliyeinuka na watoto wake, maana utakutana naye tena kwa sura nyingine.

Pita barabara yoyote ya Njiro, Sakina au Kijenge Juu usome mageti. HAPA KUNA MBWA MKALI. Tumeandika hivyo kwa rangi nyekundu miaka na miaka, na mbwa wenyewe tumewalea hivyo: mchana amefungiwa bandani, usiku anaachiwa, anakula ugali na dagaa, hajawahi kuiona barabara. Mtoto wa mji huu anakua akijua kwamba mbwa ni kile kinachobweka nyuma ya bati. Halafu siku moja anamkuta mezani. Unategemea nini?

Miaka minne iliyopita nilikwenda na mbwa wangu Tausi kwenye kafe ndogo ya bustani upande wa Ilboru. Mwenye mahali nilikuwa nimezungumza naye kwa simu, amekubali. Akaja mhudumu, kijana mrefu, aproni yake imepigwa pasi vizuri. Akasimama hatua tano kutoka mezani na menyu mkononi, na ile menyu ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia aiweke meza ya jirani, nitaichukua mwenyewe. Alipoleta kahawa akaiweka palepale, kisha akapandisha mguu wa suruali. Juu ya kifundo kulikuwa na kovu, ngozi imekunjamana kama gunia lililoshonwa kwa haraka. Alikuwa darasa la tatu, anakwenda shule, geti la watu likawa wazi. Mama yake aliuza mbuzi wawili kulipia sindano. Akaniambia, "Dokta, mimi sichukii mbwa. Mguu ndio unaokimbia."

Mwenye kovu usidhani amepoa. Tangu siku hiyo nimekaa meza ya mwisho kabisa, karibu na michongoma, na sijawahi kumwambia mtu yeyote "usiogope, haumi". Maneno hayo hayamsaidii aliyeumwa. Kinachomsaidia ni kuona kamba fupi, imekanyagwa chini ya kiatu cha mwenye mbwa, na mbwa aliyelala. Yule kijana alichukua kama miezi miwili, Jumamosi hadi Jumamosi, ndipo akaweka kikombe mezani kwangu kwa mkono wake. Tausi hakuwahi kumgusa, na wala si lazima amguse.

Na kuna jambo zito kuliko kovu. Mwanzoni mwa kazi yangu niliitwa kijiji kimoja kumwangalia mbwa anayesemekana kauma watu, nikamkuta mbwa ameshauawa na mtoto wa miaka saba amelazwa kwenye mkeka. Alikuwa ameumwa mkononi miezi miwili na nusu iliyopita. Kidonda kilikuwa kimepona kabisa, wamekiweka majani. Bibi yake akamletea maji kwenye kikombe cha bati, na mtoto alipoyaona koo lake likakaza, akageuza uso ukutani. Nilijua papo hapo, na sikuwa na la kufanya, wala hospitali haikuwa nalo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Kwa hiyo baba anapoinua watoto wake, mama, anafanya kazi ya baba. Hamjui Siafu, na kadi yake ya chanjo hajaiona.

Hapo ndipo pa kuanzia wewe. Kadi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Umesema Siafu ana miaka mitatu ila hukusema kama binti alimchanja, nami sitaki kubahatisha. Mpigie leo Dodoma umuulize. Kama kadi haipo, hesabu kwamba hajachanjwa, na umchanje upya, haina madhara. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani (ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu), na kampeni za chanjo mara nyingi hupangwa karibu na siku hiyo. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako. Ila usingoje Septemba kama mwaka wake umekwisha. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Siafu akichanjwa anamlinda hata yule mtoto aliyeondolewa mezani.

Sasa kutafuta.

Acha kabisa sehemu zenye vigae na milango ya kioo. Acha na majiko ya nyama choma, hata yale yenye bustani nzuri: chini ya meza pamejaa mifupa, mbwa koko wanazurura wakiigombania, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Acha pia penye muziki mkubwa. Sikio la mbwa linasikia sauti nyembamba ambazo letu halizipati kabisa, na spika inayokuchosha wewe kwake ni mateso.

Tafuta zile nyumba za barabara za ndani, za udongo, ambako mtu amegeuza uwanja wake kuwa bustani ya kahawa. Au vitalu vya maua na miche vyenye meza mbili tatu za chai pembeni. Hivyo nimevikuta kuwa vya kirafiki kuliko vyote, kwa sababu pana udongo, pana mabomba ya maji, na mwenyewe mara nyingi ana mbwa wake wa kulinda miche. Ulizia kwenye duka la dawa za mifugo unakonunua dawa ya kupe. Muuzaji anajua nani kwenye mtaa anafuga mbwa kwa mapenzi, na mwenye kafe anayefuga ndiye atakayekuelewa.

Utaambiwa, "Nenda kwa Wazungu." Mimi sikubaliani kabisa na ushauri huo. Nimefukuzwa na Mzungu, tena kwa ukali, na mahali ninapopapenda kuliko pote ni pa mama mmoja wa Moshono mwenye meza nne chini ya mparachichi. Anauza chai ya maziwa, chapati, na Jumamosi mtori. Siku ya kwanza nilimuuliza kama ninaweza kukaa na Tausi. Akamtazama, akaniuliza, "Anakula kuku?" Nikamwambia hali. Akasema, "Basi kaa." (Uangalie kokwa za parachichi tu. Mbwa akimeza kokwa linaweza kukwama utumboni. Nimewahi kulitoa kwa kisu, na yule mbwa alipona kwa bahati.)

Ukishapata mahali panapokuvutia, nenda peke yako kwanza. Hili ni muhimu, na nadhani ndipo ulipoteleza. Mlinzi wa geti hakukuonea. Amepewa amri moja, asiingize mbwa, na akiivunja atakayeulizwa ni yeye. Kwa hiyo usimpelekee mbwa getini. Kaa, agiza chai, angalia kama kuna meza ya pembeni, kama kuna mlango wa kuingilia bustanini bila kupita ndani, kama kuna bembea za watoto. Lipa. Halafu umwombe msimamizi, umwambie maneno kama haya: "Ninaye mbwa mmoja, jike, kimo cha goti, amechanjwa na kadi ninayo, anakaa kwenye kamba muda wote. Naweza kuja naye Jumamosi saa tatu na nusu, tukakaa ile meza ya kule? Tutakaa saa moja." Mtu akiambiwa kimo, saa na meza anaona picha. Ukimwambia "nina mbwa" tu, picha anayoiona ni ile ya kwenye geti. Akikubali muulize jina lake, na siku ya kuja umwambie mlinzi, "Nimezungumza na fulani." Mlinzi atakufungulia kwa amani kwa sababu mzigo umemtoka mabegani.

Saa tatu na nusu sikuitaja ovyo. Jumamosi saa hiyo waliokuja kwa supu wameondoka, na wa chakula cha mchana hawajafika. Jumapili usijaribu, baada ya ibada familia nzima zipo na watoto wanakimbia. Siku za kazi, saa kumi jioni ni nzuri.

Siafu naye aandaliwe. Kaa naye barazani kwako, kiti na gazeti kama vile uko huko, kamba umeikanyaga, dakika kumi. Kesho nusu saa. Kisha nje ya geti lako. Kisha kwenye benchi la genge, pikipiki zinapita, watu wanauliza bei ya nyanya. Siku atakapojilaza mwenyewe bila kuambiwa, hiyo ndiyo siku ya kwenda. Usiende naye akiwa kwenye joto. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, wiki tatu hivi, na madume ya mtaa mzima yatakufuata mpaka mezani.

Kama ni mbali, daladala usifikirie. Chukua bajaji, ukubaliane na dereva kabla ya Siafu kupanda, na utandike kanga kuukuu sakafuni ili dereva asipate kazi ya kusafisha manyoya.

Beba bakuli lake mwenyewe. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, jasho lake liko nyayoni tu na ni kidogo. Anapoa kwa kuhema, na anayehema anapoteza maji. Lakini maji hayo yasiwe kwenye chombo cha mahali pale, hata kisahani cha kikombe, hata wakikupa wenyewe kwa ukarimu. Sababu nitaieleza kwa msomaji anayefuata. Beba pia mfuko wa karatasi ya kaki na gazeti la jana kwa ajili ya kinyesi, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na kaki inafanya kazi vizuri. Unakunja gazeti, unachota, unatia kwenye kaki, unaondoka nayo mpaka nyumbani. Usiitupe kwenye pipa lao la jikoni.

Mezani, vyako ni vyako. Sambusa ina kitunguu, na kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Keki yenye chokoleti au zabibu, hapana. Kahawa, hapana. Kama unaona vibaya kula peke yako, mbebee kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa.

Yule baba ukimwona tena, msalimie kwanza kabla hajakuona. Umwambie, "Baba, nitakaa kule mwisho, na amefungwa." Ukiona bado watoto wana hofu, hama wewe. Na chai umalize, mama. Usiiache tena nusu kikombe.

SWALI

Dokta, nimesoma toleo lililopita ukisema mbwa atembezwe hata sehemu za watu. Mimi ni Mwislamu, nina watoto wanne, naishi Kaloleni. Siku moja tumekwenda kula nje, tukakuta mtu na mbwa, na mhudumu anamwekea mbwa maji kwenye bakuli la supu la hoteli. Sijarudi pale. Mbona hamtufikirii na sisi?

Baba wa Wanne

JIBU

Baba, una haki, na nakushukuru kwa kuandika bila matusi. Lile bakuli lilikuwa kosa, tena kosa la watu wawili: aliyeliomba na aliyelitoa.

Wasomaji wasiojua wajue. Waislamu wengi wa huku kwetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kusuuza kwa sabuni ya unga na kurudisha kwenye kabati hakutoshi. Kwa hiyo mwenye mbwa anayekubali bakuli la hoteli amemvunjia heshima mteja atakayekuja kesho asijue alichonywea. Mimi si Mwislamu, lakini nimekaa jirani na Waislamu maisha yangu yote, na Tausi hajawahi kunywa kwenye chombo ambacho si chake.

Ninachokuomba ni kimoja. Ukikuta mbwa amekaa mbali, ana kamba na chombo chake, usimhukumu mwenyewe kabla hujamjua. Nimemjibu hapo juu mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Usiwe wewe uliyeinuka.

SWALI

Habari Dokta. Nina kafe ya meza tisa Moshi, upande wa Rau, na bustani yenye mti mkubwa. Wateja watatu huja na mbwa, wawili wageni na mmoja mwalimu mstaafu wa hapahapa. Wengine wananung'unika. Mke wangu anataka tuandike "Mbwa hawaruhusiwi". Mimi naona nitampoteza mwalimu, ambaye huja kila siku. Nifanyeje?

Mwenye Meza Tisa

JIBU

Mkeo ana hoja na wewe una hoja, na meza tisa zinatosha wote.

Kabla ya yote kazungumze na afisa afya wa kata yako. Nenda mwenyewe, usingoje akukute. Umweleze unachotaka kufanya na umwonyeshe bustani.

Nitakupa mfano wa mbali kwa sababu walikaa wakaufikiria vizuri. Jimbo la California, Marekani, tangu Januari 2015 sheria yao inamruhusu mwenye mgahawa kupokea mbwa kwenye eneo la nje, akitaka mwenyewe, kwa masharti. Pawe na njia ya kuingilia nje bila mbwa kupita ndani. Awe kwenye kamba. Asipande kiti wala benchi. Mhudumu anayeshika chakula asimshike mbwa, na akimshika anawe mikono. Maji na chakula cha mbwa viwekwe kwenye vyombo vya kutumia mara moja na kutupa. Uchafu usafishwe papo hapo. Ukiyatazama masharti hayo, hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Mwalimu wako angeyatimiza kesho.

Kwako ningefanya hivi. Meza mbili za mwisho, upande wa uzio, mbali na jiko na mbali na njia ya kwenda chooni, ziwe ndizo za wenye mbwa. Saba zilizobaki mbwa asizisogelee. Weka bomba au ndoo yenye koki pale pembeni, ili mtu asije kuomba maji jikoni. Na badala ya kibao cha mkeo andika hivi: "Mbwa wanakaribishwa bustanini, meza za upande wa uzio. Awe na kamba, bakuli lake na kadi ya chanjo. Wahudumu wetu hawamshiki mbwa." Sentensi ya mwisho ndiyo itakayowatuliza wanaonung'unika, maana wengi wao wanachowaza ni mikono iliyowaletea chapati. Kadi uiombe kweli, hata kwa mwalimu.

Waulize na wahudumu wako, mmoja mmoja, faraghani, nani aliwahi kuumwa. Huyo usimpangie meza za uzio.

Na kila mtu pale kazini ajue hili: mtu akiumwa, au hata akiparuzwa ngozi ikachubuka, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, ukitazama saa. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano. Pilipili, mafuta ya taa, majani, hapana. Ukiona bomba lako ni bovu, litengeneze kabla ya kuandika kibao.

SWALI

Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi, naishi Sakina. Kafe sina hela nazo. Je, naweza kumpeleka mbwa wangu kutembea ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha?

JIBU

Marahaba mwanangu. Hapana. Hifadhini mbwa haingii, na sababu ni nzuri. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, uliingia Serengeti ukaua kama theluthi moja ya simba wa kule. Mchanje na huo pia, si kichaa peke yake.

Mpeleke juu kwenye vichochoro vya Ilboru asubuhi, kando ya mifereji ya mashamba, kwenye kamba, usimwachie penye mbuzi. Mkirudi mkague kupe kati ya vidole na nyuma ya masikio, mmoja mmoja, ukiwa umekaa naye juani.